Mwacheni Bob Ross Amalize Picha Yake

Kipande kingine cha video cha Bob Ross, mchoraji wa televisheni wa Marekani, kinazunguka wiki hii katika makundi ya WhatsApp: mlima, ziwa na misonobari, vyote vimekamilika ndani ya dakika moja, muziki unapiga na sauti ya mwenyewe imezimwa kabisa. Chini yake watu wanaandika "mwalimu bora." Sijui amewafundisha nini, maana mwalimu aliyezibwa mdomo na kukimbizwa kiasi kile hana anachofundisha zaidi ya kwamba wapo waliojaliwa, nasi hatumo.

Kipindi chake, The Joy of Painting, kilirushwa na televisheni za umma za Marekani kuanzia Januari 1983 hadi Mei 1994, jumla ya matoleo 403, na karibu kila toleo lilikuwa na mpango uleule: turubai moja, dakika zipatazo 27, kazi yote mbele ya macho ya mtazamaji. Haikuwamo ile hila ya mapishi ya televisheni, ambapo unga unaingia kwenye bakuli na papo hapo keki iliyoiva inatolewa chini ya meza. Anapopitisha kisu cha rangi ubavuni mwa mlima ili theluji ikae, unauona mkono ulivyo mwepesi, hata rangi inakatikakatika yenyewe juu ya miamba, na unaona pia anavyorudia pale ilipogoma. Akikosea, anachora mti juu ya kosa, nawe umeshuhudia kosa pamoja na dawa yake. Kwa anayeanza, somo ni hilo hasa, wala si ile picha ya mwisho.

Mpwa wangu alitazama kipande cha namna hiyo, akanunua rangi za maji kwenye duka la vifaa vya shule, akaanza na mbingu. Alipofika mlimani, mbingu ilikuwa imekwisha kukauka kwa joto la Dar es Salaam, na alipoilowesha upya karatasi nzima ikawa tope lenye rangi ya chai. "Mjomba, mimi sina kipaji," akaniambia, na nilikasirika, ingawa si kwake. Ukitazama vipindi vyake vikiwa kamili, Ross anakueleza kwamba rangi zake ni za mafuta, kwamba turubai limepakwa kwanza nyeupe nyepesi ambayo bado ni mbichi, na kwamba rangi laini hushika juu ya rangi nzito, si kinyume chake. Maelezo hayo hayachukui muda mrefu, lakini ndiyo ya kwanza kufyekwa na wakataji wa video, kwa kuwa hayapendezi machoni. Mtoto anaachiwa mlima bila chochote kinachousimamisha.

Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, aliwarithisha jamaa zake ufundi wake kwa kukaa nao kazini, na sidhani kama kuna aliyemwomba afanye haraka.

Najua yatakayosemwa. Picha za Ross zinafanana, ni kweli. Kampuni yake iliuza rangi na brashi, kwa hiyo kipindi kilikuwa pia tangazo, nalo nalikubali shingo upande, japo ni tangazo linalokuachia ujuzi hata usiponunua kitu. Wengi humtazama ili wapate usingizi, walale salama. Tena, pembeni mwa kamera alikuwa na nakala aliyoichora mapema, lakini tangu lini kuandaa somo kukawa ulaghai?

Mbinu yenyewe ya kupaka rangi mbichi juu ya rangi mbichi hakuibuni yeye. Akiwa askari wa Jeshi la Anga huko Alaska, alimwona kwenye televisheni Bill Alexander, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa na kipindi chake cha uchoraji, kisha akaenda kujifunza kwake. Yaani Ross mwenyewe alianza kama mtazamaji, na alionyeshwa kazi nzima, akaweza kuifuata.

Misimu yote 31 ipo YouTube, bure, katika chaneli rasmi inayobeba jina lake, sauti yake ikiwamo. Mwenye nafasi ya kusambaza kipande kimoja kwa kila kundi alilomo, pamoja na salamu na maua, asiniambie kwamba dakika 27 zimemshinda.