Mmoja ana jina, mwingine ana kabila tu

Makala niliyoisoma kuhusu sanaa ya Afrika inasema sanaa hiyo "ilimchochea" Picasso, mchoraji wa Ulaya, alipoona vinyago katika jumba la makumbusho la Trocadéro, Paris, mwaka 1907. Sawa, lakini vilifikaje huko? Hapo mwandishi kapita mbio. Na someni vibao vya makumbusho: mchoraji wa Ulaya huandikwa jina na mwaka wa kuzaliwa, mchongaji wa Afrika huandikwa kabila, kana kwamba kabila zima lilishika patasi moja.

Kuhusu shaba za Benin (sanamu na mabamba ya ufalme wa Benin, katika Nigeria ya leo), wanajeshi wa Uingereza walipora maelfu ya vitu mwaka 1897. Ujerumani ilianza kurudisha vilivyokuwa kwake mwaka 2022. British Museum, makumbusho ya London, bado inajikinga kwa sheria ya 1963 inayoibana isitoe mali zake (sheria Waingereza wameitunga wenyewe bungeni, lakini haya).

Kilichoniudhi zaidi ni kusimulia ufundi ule kama kitu cha wafu. Mtaa wa Igun, Benin City, mafundi wa ukoo bado wanasubu shaba kwa nta: nta inayeyuka, shaba inashika nafasi yake. Mbona hakuhojiwa hata mmoja wao?