Katuni za wakubwa na sisi tuliochoka

Jamani mtu mzima haruhusiwi kuangalia katuni kwenye nyumba anayoilipia kodi mwenyewe? Kila nikishika simu nikasema leo nicheke kidogo, sauti ya katuni ikisikika tu basi watoto wangu wote, wa jirani, na kuna mmoja hadi leo sijui wa nani ila saa ya ugali anaijua, wote wananipandia mgongoni. Af mama watoto kutoka jikoni, "si uwawekee kwenye tivii na wenzio waone." Wenzio! Yaani nishahesabiwa chekechea.

Sasa katuni yenyewe Monkey Dust, ile ya Waingereza ya BBC Three iliyoanza 2003. Muwekee mtoto hiyo leo uone kama kesho huitwi shule. Ni vichekesho vifupi vifupi, usiku, giza, watu wamechoshwa na maisha, kimoja hakijaisha vizuri unashtukia ushaingia kingine na michoro imebadilika, maana vipande vilichorwa na studio tofauti tofauti. Hakuna wimbo wa ABC humo.

Kuna mzee mmoja anaitwa Ivan Dobsky, kasota jela tangu miaka ya 70 kwa mauaji ambayo hakuyafanya, alikiri tu ili polisi waache kumtesa. Wanakuja kumtoa, anakuta dunia ya nje imevurugika kiasi kwamba anatamani arudi ndani. Mi huyu namwelewa sana, hasa tarehe za kodi zikikaribia. Ubaya ana ule mpira mkubwa wenye pembe, wa kukalia na kurukaruka, kaupa jina kabisa, Mr Hoppy. Watoto wakiuona huo mpira imekula kwangu. "Baba rudisha kwenye mpira!" Nirudishe nini na hapo mbele kuna mambo hata mimi mwenyewe naangalia jicho moja.

Ila anayenimaliza ni Clive Pringle. Huyu anarudi kwake usiku, mke kakaa anamsubiri, haya Clive ulikuwa wapi? Jamaa anaanza kushusha stori, mara kakumbana na hiki, mara kaokoa wale, ukisikiliza vizuri stori yote kaitoa kwenye sinema, na mke anamtazama tuu mpaka amalize. Mpaka amalize, nyie! Mi natoka zangu Kariakoo saa kumi na moja jioni nafika Mbagala saa tatu, daladala imetufia Mtoni Mtongani, konda hataki kurudisha nauli, tumesukuma gari na mashati yetu ya kazini, stori ya kweli tupu na grisi bado iko kwenye mkono wa shati, nafungua mdomo tu naambiwa "foleni gani Jumapili?" Kulikuwa na foleni Jumapili! Clive mwongo anapewa nafasi ya kujieleza, mimi mkweli nakatwa kabla sijafika Mtongani.

Na kitu kizuri hivyo 2005 kikaisha. Sizoni tatu, episodi 18, kwaheri. Wakati humu ndani kuna tamthilia imedabiwa, tangu tunahamia yule dada analia kwenye ngazi hajamjua baba yake, na hakuna wa kuikata. DVD nayo ya Monkey Dust wakatoa ya sizoni ya kwanza, basi, zilizobaki utajiju. Harry Thompson aliyeitunga na mwenzake Shaun Pye akafariki mwaka huohuo 2005, ana miaka 45 tu, kwa hiyo hata wa kumlalamikia vizuri hayupo. Tumebaki sisi kuokoteza vipande mtandaoni, picha ina ukungu, na bando nalo linajua, linasubiri Clive aulizwe swali ndo likate.

Juzi nikasema potelea mbali, watoto wamelala, nikamwita mama watoto aone kipande cha Clive kimoja tu ajue nachekaga nini. Akaangalia kimya mpaka mwisho. Af akacheka, akacheka, akaja kujifuta machozi na khanga. Nikajua nimeshinda. Kumbe nimejichongea, maana sasa hivi nikigonga mlango usiku nasikia "karibu Clive, leo tupe ya daladala." Watoto wamedaka, jirani kadaka, na mwenye nyumba jana kaja kudai kodi yake, kasimama mlangoni kabisa anauliza baba Clive yupo?