Siku arobaini za Tarim

Katika msikiti ninaoswalia hapa Ujiji, Ijumaa za kuelekea Juni kikapu hupitishwa mara mbili. Cha kwanza ni cha msikiti. Cha pili ni cha nauli za vijana wanaokwenda daura, yale masomo ya dini ya siku arobaini yanayoandaliwa kila kiangazi huko Tarim, Hadhramaut, nchini Yemen, katika chuo cha Dar al-Mustafa kinachoongozwa na Habib Umar bin Hafiz. Vijana wenyewe tunawajua. Mmoja alimaliza kidato cha nne na hakuchaguliwa kuendelea, mwingine anauza dagaa mwaloni Kibirizi, wa tatu anasomesha watoto jioni chuoni, yaani madrasa ya hapa mtaani.

Mwaka huu kikapu cha pili kimezua maneno. Mzee mmoja ninayemheshimu tangu utotoni aliuliza barazani, kwa sauti ya chini: "Kambi? Tena Yemen? Watoto wetu wanakwenda kusomeshwa kitabu au kufundishwa bunduki?" Wa pembeni yake akaongeza kwamba fedha za nauli moja zingemlisha maalimu wa hapa miezi mingi. Mwingine akasema hata wakienda salama, wakirudi watatugawa.

Sehemu ya tatizo ni hilo jina. Vijana walipotangaza safari waliiita kambi ya masomo, na kwa mtu wa Kigoma neno kambi halina upole. Kambi ni ya jeshi, au ni Nyarugusu kule Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita. Wangesema daura tangu mwanzo, nusu ya maswali yasingekuwepo.

Nusu nyingine yangekuwepo, na yana haki ya kuwepo. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilivamiwa na wapiganaji waliotoka ng'ambo ya Ruvuma, na tangu vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vianze mwaka 2017 tumesikia habari za vijana wa Kitanzania waliojiunga nao. Yemen nayo haijatulia tangu 2014. Kuanzia Aprili 2015 hadi Aprili 2016, Mukalla, mji mkuu wa jimbo la Hadhramaut, ulikuwa mikononi mwa al-Qaeda. Aprili 2023 tulishuhudia ya Khartoum, Sudan: wanafunzi wetu walikwenda kusoma, wakaamka mji unapigwa mabomu, na serikali ikawarejesha Watanzania zaidi ya 200 wakipitia Ethiopia. Hakuna mzazi kati yao aliyekuwa amekosea kuchagua chuo. Kwa hiyo baba anayesema "mwanangu haendi hadi nchi ile itulie" asiitwe mpinga dini. Anafanya kazi ya baba.

Lakini kuogopa vita ni jambo moja, na kudhani kwamba kijana anakwenda kufundishwa ugaidi ni jambo jingine. Barazani yote mawili yamefungwa furushi moja, na mzigo umeangukia vichwani mwa vijana ambao hawakustahili. Mwalimu wanayemwendea anajulikana. Habib Umar alikuwa bado mtoto mwaka 1972 pale baba yake, Habib Muhammad bin Salim, alipochukuliwa na watu wa utawala wa siku zile na asirudi tena. Mtu aliyepitia hayo angeweza kujenga chuo cha kisasi. Badala yake, Oktoba 2007 jina lake lilikuwa miongoni mwa wanachuoni 138 waliowaandikia viongozi wa Kikristo duniani barua ya wazi, wakiwaita katika mambo mawili wanayoafikiana: kumpenda Mungu na kumpenda jirani.

Tutazame pia namna ya kuondoka. Kijana anayekwenda porini hutoweka usiku, simu yake inazimwa, mama yake anakuja kujua baada ya miezi. Hawa wameombewa dua mbele ya safu nzima. Wamekwenda kwa mtendaji kuchukua barua, wamepeleka namba ya NIDA, wamelipa shilingi 150,000 za pasipoti, na kama ilivyo kwa watu wengi wa mkoa huu, wameulizwa babu yao alizaliwa upande gani wa ziwa. Aliyepita mlango huo wote wa serikali na bado anataka kwenda kusoma hana alichoficha.

Kinachoniuma zaidi ni kuisikia Tarim ikiitwa ugenini. Mzee huyo huyo aliyeuliza habari ya bunduki ndiye anayetuongoza kusoma Ratibu al-Haddad, ule mkusanyiko wa dhikri na dua, baada ya Isha. Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad, aliyeitunga, alikuwa mtu wa Tarim, kipofu tangu utotoni kwa ugonjwa wa ndui, akafariki mwaka 1720. Mtoto wa Ujiji anapohifadhi faradhi sita za udhu anasoma Safina, kitabu kidogo cha fiqhi, yaani sheria za ibada, na aliyeiandika, Sheikh Salim bin Sumair, ni Mhadhrami aliyefia Batavia, Jakarta ya leo. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alisafiri hadi Hadhramaut kutafuta elimu, akasomesha Ukutani, Unguja, kwa miaka mingi. Mwenzake, Sayyid Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija aliyekuwa kadhi wa Zanzibar, naye alizipita njia hizo hizo. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Elimu ya watu kama hao ilitufikia bara kwa mikono mingi, ikafuata njia ya misafara hadi Tabora, hadi hapa, na nyingine ikavuka maji kwenda Umanyema, Kongo ya leo. Kijana wetu anayepanda treni pale Kigoma anairudia njia ile ile, ila yeye anaelekea ilikotoka.

Sasa nije kwenye swali ambalo mimi mwenyewe limeninyima usingizi. Siku arobaini zinatosha nini? Nahau, sarufi ya Kiarabu, peke yake yaweza kumla mtu miaka miwili. Fiqhi haiishi. Anayekwenda siku arobaini akarudi anaitwa sheikh amedhulumiwa na waliomwita hivyo, na watoto atakaowasomesha wamedhulumiwa zaidi. Kwetu mwanamke akijifungua hukaa arobaini ndani, na siku anayotoka hakuna anayesema amemaliza kulea.

Hata hivyo yule kijana anayesomesha jioni alikwisha kwenda mara moja, mwaka juzi, na nimekaa nyuma ya darasa lake kabla na baada. Kabla, alisoma mstari wa Kiarabu, akatamka tafsiri aliyoikariri, akaenda mstari wa pili. Mtoto akiuliza kwa nini, jibu lilikuwa "ndivyo tulivyosomeshwa", na akiuliza tena, fimbo ilikuwa karibu. Aliporudi, binti wa miaka kumi na moja alimuuliza hukumu ya maji ya ziwa yaliyomwagikiwa na mafuta ya boti, kama yanafaa kutawadhia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sijui. Nitamuuliza maalimu mkubwa, nikujibu kesho." Kesho yake alikuja na jibu, na akaeleza limetoka wapi: kwanza waangalie kama mafuta yamechanganyika na maji au yanaelea tu juu yake. Nilipomuuliza alikojifunza hilo, aliniambia kwamba kule alikaa mbele ya mashekhe wenye mvi, waliosoma miaka hamsini, akawasikia wakiulizwa na kujibu "Allahu aalam", Mungu ndiye ajuaye, bila aibu. Hakurudi na elimu nyingi. Alirudi akiwa amejua ukubwa wa asichokijua, na katika chuo chenye watoto wengi na maalimu wachache sioni kitu ninachokitamani zaidi ya hicho. Tangu siku ile watoto wake wanauliza. Wengine wanamchosha kwa maswali, na fimbo sijaiona tena.

La kugawanyika nalichukulia kwa uzito, kwa sababu limeshatokea. Tangu Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kifunguliwe mwaka 1961, Watanzania waliosoma kule wamerudi na hadithi na Kiarabu fasaha, mambo tuliyoyahitaji sana. Baadhi yao walirudi pia na hukumu kali juu ya maulidi ya baba zao, na kuna familia ambazo hadi leo ndugu hawaswali nyuma ya ndugu. Wanaokwenda Tarim wanayasoma maulidi, hivyo wazee wetu wanadhani kwa upande huo wako salama. Sina hakika. Kijana aweza kurudi na kilemba na shali akamdharau Ansari, yule asiyekubali maulidi, wa msikiti wa pili vile vile yeye mwenyewe alivyodharauliwa. Ningependa kamati iweke sharti: anayerudi akae mwaka mzima chini ya maalimu wa hapa, asomeshe watoto Safina, asipande mimbari.

Na nauli? Anayesema Tanga, Unguja au chuo cha Riyadha cha Lamu ni karibu na rahisi zaidi amesema kweli. Kwa kijana asiyejua hata kusoma Kiarabu bila irabu, aanzie huko. Hapo sina ubishi.

Kuna jambo moja halikutajwa barazani na upande wowote. Tarim kuna pia Dar al-Zahra, chuo cha wanawake. Katika chuo chetu anayesoma Safina kwa ufasaha kuliko wote ni msichana wa miaka kumi na tisa, na ndiye anayewasahihisha wavulana makhraja, matamshi ya herufi. Baba yake anauza mawese sokoni na amesema yuko tayari kusafiri naye kama mahrimu wake, ndugu wa kiume wa kumsindikiza, hata kama itambidi asubiri Seiyun, mji wa jirani, au Tarim kwenyewe hadi daura iishe. Hizo ni nauli mbili na pasipoti mbili. Kikapu cha pili kimepita Ijumaa tatu sasa, na jina la msichana huyo halijasomwa.