Gesi haina umbo, ila ina mwenyewe

Haya, kwa vile madam wa Hisabati ameshaimwaga stori ya kipindi changu cha Sayansi kwenye grupu la walimu na chumvi juu, acheni niwape mwenyewe. Hakuna mtoto aliyezimia, huo uongo muufute.

Darasa la nne, mada ya maada. Yabisi nikaonyesha jiwe, kimiminika maji ya chupa, nikaeleza chembe za yabisi zimebanana, za kimiminika zinateleza, za gesi kila moja na hamsini zake. Nyuma kabisa kakaa mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, faili mapajani. Zana ya gesi ilikuwa kichupa cha pafyumu, nakifungua mezani, anayepata harufu ananyoosha kidole, vidole vinapanda kuanzia mbele kwenda nyuma na watoto wanaona kwa macho gesi inavyosambaa. Andalio la somo lilikuwa tamu jamani.

(Mchana kwa mama ntilie nilikula maharage. Msiulize sahani ngapi.)

Nikainama kuchukua kichupa kwenye mkoba. Hapo hapo. Kimyakimya, wallahi hata mimi sikusikia, nilijua tu. Nikainuka taratibu na tabasamu langu, kifuniko bado kimekaza, mtoto wa dawati la kwanza kidole juu.

"Mwalimu, imefika."

"Bado sijafungua."

Jirani yake naye juu. Mstari wa pili. Wa tatu wameziba pua na kola za shati, mkono mwingine juu kama nilivyoagiza, yaani siku hiyo ndo wameamua kuwa watiifu. Na joto likizidi chembe zinakimbia zaidi, sasa bati la darasa letu saa nane mchana mnalijua wenyewe. Mimi nimeganda na chupa yangu naangalia vidole vinavyoelekea nyuma, dawati kwa dawati, naomba viishie njiani. Wapi. Mthibiti akaacha kuandika. Akaangalia chupa. Akaniangalia mimi. Mkono wenye kalamu ukapanda, pole pole.

Halafu kale kajanja ka dirishani kakasimama: "Mwalimu, kwa hiyo imeanzia hapo uliposimama?"

Jibu sahihi kabisa, ningempa vema.

Kengele ikalia, nilitokaje sijui. Ripoti imeandikwa "wanafunzi walishirikishwa ipasavyo". Ila tangu juzi nikikatiza uwanjani darasa la nne wote wananyoosha vidole, na darasa la tano wameanza kuuliza lini nawafundisha wao.