Kukariri kunabebeshwa lawama zisizo zake

Katika mijadala ya elimu Dar es Salaam, mhitimu akishindwa kazini jibu liko tayari: alikariri. Dawa inayotajwa ni uzoefu. Hoja hiyo si ya leo. Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alizilaumu shule kwa kumfanya kijana aamini kuwa maarifa yote yamo vitabuni, akaishia kumdharau mzee wa kijijini anayejua kilimo. Alikuwa sahihi, na mtaala wa umahiri wa 2005, unaolenga kile mwanafunzi anachoweza kufanya, ulikusudia kurekebisha hilo.

Ila mwanafunzi anayesoma desa lilelile, yaani notisi za kunakili, mara sita usiku wa kuamkia mtihani hakariri. Anazoea sura ya maandishi tu. Kukariri ni kufunga daftari, kuyatoa kichwani yaliyomo, kisha kulifungua na kusahihisha.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi wasome. Baadhi waliisoma tena. Wengine waliandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliosoma tena waliongoza: asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja walikuwa na 42, na wenzao 56, ingawa hawa hawakusahihishiwa chochote. Kuchimba kichwani peke yake kulitosha. Kinachonisumbua ni zile dakika 5. Njia dhaifu inashinda palepale mwanafunzi anapojipima, na mtihani wa asubuhi unaweza kumthibitishia kuwa hakukosea. Atagundua pengo muda ukiwa umepita, na hapo tutasema amekariri kupita kiasi.

Madrasa zetu zinalijua hili. Mtoto anasoma msahafu ukiwa umefungwa. Akikwama anatajiwa neno moja, anaendelea. La jana linadurusiwa kabla ya jipya. Utasema wengi hawajui maana ya wanachosoma. Ni kweli, lakini pale kulihifadhi andiko bila kubadilika herufi ni lengo lenyewe. Kwenye baiolojia sivyo, na huko ndiko tunakoharibu: mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anakutana na usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, kwa Kiingereza. Asipoielewa sentensi, ashike nini zaidi ya sauti yake? Tatizo hilo ni la lugha, na kupunguza kukariri hakutaligusa.

Uzoefu nao, ukiachwa peke yake, hudanganya. Kijana anayejifunza umeme mtaani anafunga soketi kwa waya wa milimita za mraba 1.5 badala ya 2.5, kwa kuwa bei yake ni ndogo. Taa ya mezani inawaka, simu inachaji, mwaka unapita. Kila siku mikono yake inamwambia yuko sawa. Kisha mwenye nyumba anachomeka jiko la umeme, birika na pasi kwa pamoja: karibu wati 5,000, zaidi ya ampea 20 kwenye volti 230. Breka ikiwa kubwa kuliko waya, haikati. Plastiki ya waya inaweza kuyeyuka ndani ya ukuta. Aliyeshika kichwani 1.5 ya taa na 2.5 ya soketi, na hesabu ya wati kugawanya kwa volti, anaiona hatari hiyo siku ya kuchagua waya dukani, hata kama hajawahi kuona nyumba ikiungua.