Nyuki Asiye na Asali Naye Ana Kwao

Kila kampeni ya kuokoa nyuki huja na picha ileile: mzinga, asali, na mfugaji aliyejifunika wavu usoni. Sina ugomvi na asali. Ila kwa nchi kama Australia picha hiyo inapotosha, tena vibaya.

Nyuki wa asali tunayemfuga huku Afrika ni mgeni kule. Waingereza walimfikisha Sydney mwaka 1822. Wenyeji ni zaidi ya spishi 1,600, na wengi wao hawana malkia, hawaishi mzingani, wala hawana asali ya kurina.

Anayenigusa zaidi ni Ctenocolletes. Jenasi nzima, yaani kundi la spishi za karibu, iko Australia tu, hasa upande wa magharibi. Ni nyuki mnene, mwenye manyoya na mbio za ajabu; mmoja wao, smaragdinus, anang'aa kijani kama zumaridi. Jike huchimba shimo lake mwenyewe ardhini, akatengeneza vijumba huko chini na kuvipaka ndani utando usiopenyeza maji. Katika kila kijumba huweka chavua na mbochi, yaani maji matamu ya maua, akataga yai, akaziba. Dume naye akimkamata jike mauani hamwachi upesi: wawili hao huruka wameshikana, ua hadi ua, jike akiendelea kula. Mengi ya haya tunayajua kwa uvumilivu wa Terry Houston wa Makumbusho ya Australia Magharibi.

Chakula chake hutoka zaidi kwenye maua ya jamii ya mikaratusi. Sisi mkaratusi tunaujua kwa nguzo na kuni. Kule ndiko kwao. Lakini katika ukanda wa ngano wa Australia Magharibi, sehemu kubwa mno ya vichaka vya asili imefyekwa kwa ajili ya ngano na kondoo. Ukipeleka mizinga zaidi hapo, umeongeza midomo kwenye maua machache yaliyobaki. Na Ctenocolletes huwezi kumfungia mzingani ukamhamisha. Anataka udongo usiolimwa na vichaka vinavyochanua, basi.

Vichaka hivyo bado vipo, vingine ni vipande vyembamba tu kandokando ya barabara za mashambani. Fedha zinazochangwa kwa jina la nyuki ziende huko kwanza: kuvilinda vipande hivyo visiguswe na trekta wala upanuzi wa barabara, na kuwalipa wataalamu wanaotafuta mashimo ya nyuki hawa.