Kivuli laini au kivuli kikali: mlima wa ramani ya kubuni unataka nini?

Chukua mlima mmoja tu. Kwenye ramani ya kubuni, ile ya nchi isiyokuwepo duniani inayochorwa kwa ajili ya riwaya au mchezo, mlima huwa ni mistari miwili inayokutana kileleni, na mstari wa tatu unaoteremka ukipinda huku na huku. Mstari huo wa tatu ndio mgongo wa mlima: upande mmoja mwanga, upande wa pili giza. Mpaka hapo wachoraji hawana ugomvi. Ugomvi huanza mkono unapoingia upande wa giza. Mmoja ataujaza vistari vyeusi, kila kimoja kinahesabika, au ataupaka wino mzito moja kwa moja. Mwingine atachukua brashi laini na kupitisha kijivu kinachokolea karibu na mgongo, kisha kinafifia taratibu kuelekea chini mpaka hujui kimeishia wapi.

Nimechora kwa njia zote mbili, na kila moja imenipa ramani ninayoipenda. Watu wengi huliona jambo hili kuwa la ladha tu: huyu anapenda wino, yule anapenda ukungu. Ladha ina nafasi yake. Lakini kivuli hufanya kazi nyingine ambayo mchoraji asipoiwaza mapema itamsumbua hadi mwisho. Kivuli kikali humwambia msomaji kwamba hii ni alama ya mlima, kama herufi ilivyo alama ya sauti. Kivuli laini humwambia kwamba huu ndio mlima wenyewe, unautazama. Madai hayo mawili hayafanani, na kila moja linadai mambo yake kwenye karatasi nzima.

Nianze na kikali, maana ndicho kilichoijenga sura tunayoiita ya kale. Ramani zilizochapishwa katika karne ya 16 zilichongwa kwenye mbao au kwenye bamba la shaba, na vifaa hivyo havijui kijivu: penye wino ni peusi, pasipo na wino ni peupe. Ukifungua ramani za atlasi ya Abraham Ortelius, iliyotoka Antwerp mwaka 1570, utakuta milima kama vichuguu vimepangwa safu, kila kichuguu kimetiwa vistari ubavuni. Mchongaji akitaka giza zaidi alisogeza vistari karibu. Akitaka mwanga aliviachanisha. Macho ya msomaji ndiyo yaliyochanganya kijivu. Baadaye vistari hivyo vilibebeshwa hata vipimo. Mwaka 1799 Johann Georg Lehmann, ofisa wa jeshi la Saxony, huko Ujerumani, alitoa mfumo wa kuonyesha miteremko ambao kanuni yake ilikuwa nyepesi kueleza: kadiri mteremko unavyokuwa mkali, ndivyo kistari kinavyonenepa. Kwa hiyo anayedhani kivuli cha wino ni pambo la kizamani anakosea. Kinaweza kusema mambo mengi, na kwa usahihi.

Nguvu yake kubwa ni kwamba hakifi kikipunguzwa. Hili nililijifunza kwa maumivu. Niliwahi kuchora kisiwa kwa ajili ya kitabu, milima yote kwa brashi laini, na kwenye skrini kilipendeza kweli: bonde la kusini lilikuwa na ukungu ambao nilikaa siku mbili kuutengeneza. Kitabu kilipotoka, kisiwa kizima kilikuwa kimebanwa kwenye ukurasa usiozidi upana wa kiganja, kwa wino mweusi peke yake, kwenye karatasi ya kawaida ya riwaya. Karatasi ya aina hiyo hunyonya wino. Kijivu huchapwa kwa nukta ndogo ndogo, na nukta zinaponyonywa hutanuka, basi kijivu cha wastani kikakaza kikawa giza, huku kile chepesi kabisa, ambacho ndicho kilichokuwa ukungu wangu, kikapotea. Mto uliokuwa ukipita kati ya safu mbili za milima haukuonekana tena. Msomaji alisoma kwamba wahusika walifuata mto hadi baharini, akafungua ramani, akakuta tope. Mistari ya wino mtupu isingenifanyia hivyo. Huchapwa jinsi ilivyo, bila nukta.

Ila kivuli kikali nacho kina madhara yake, na wapenzi wake hawapendi kuyasema. La kwanza ni majina. Weusi wa kistari na weusi wa herufi ni weusi uleule, kwa hiyo jina la safu ya milima likipita juu ya milima yenyewe linazama. Utalazimika kuacha nafasi nyeupe kulizunguka kila jina, na nafasi hizo zisipopangwa kabla ya kuchora, milima hukatwakatwa kama nguo iliyoliwa na panya. La pili ni uzito. Milima mia mbili yenye ubavu mweusi huvuta jicho hata kama hadithi yote inatokea kwenye tambarare. Ramani inaanza kusema milima ndiyo habari, kumbe habari ni mji mdogo kando ya ziwa.

Na kuna kosa la mkono ambalo naliona kila mara, hata kwa wachoraji wazuri. Vistari vinachorwa vimelala upande mmoja, vyote sambamba, kama mvua yenye upepo. Mlima unakuwa bapa, kama kipande cha karatasi kilichosimamishwa. Vistari vinatakiwa vishuke na mlima: vianzie kwenye mgongo, vifuate njia ambayo maji yangeifuata, vijipinde penye bonde, vikatike kabla ya kufika chini. Ukivichora hivyo, vistari saba vinatosha pale ambapo thelathini vilikuwa vimeshindwa. Nasisitiza hili kwa sababu lawama nyingi zinazopelekwa kwa kivuli kikali, kwamba ni kigumu, kwamba kinachosha macho, kwa kweli ni lawama za vistari visivyojua maji yanateremka wapi.

Tuje kwa laini. Kilipata njia yake ya kuchapwa mwishoni mwa karne ya 18, Alois Senefelder alipobuni uchapaji wa kutumia jiwe, ambapo kalamu ya mafuta iliyopitishwa juu ya jiwe iliweza kuacha rangi yenye chembechembe kama ya penseli. Lakini aliyeonyesha hasa uwezo wa kivuli laini kwenye ramani, kwa maoni yangu, ni mchoraji ramani Eduard Imhof wa Uswisi (1895–1986). Hakuchora nchi za kubuni. Alichora milima halisi. Kanuni yake moja inatufaa sana: vilele vipewe tofauti kali ya mwanga na giza, na kadiri unavyoshuka mabondeni tofauti hiyo ilegezwe, kama vile kuna hewa nzito kati ya jicho na ardhi. Ukizitazama kazi zake huwezi kusema kivuli laini ni kivuli dhaifu. Ni laini kwenye mipaka yake, lakini kimeamua kabisa nini kiko juu na nini kiko chini.

Uamuzi huo ndio unaokosekana kwenye ramani nyingi za leo zenye kivuli laini. Programu za kuchorea zimeirahisisha kazi kupita kiasi. Brashi ya ukungu inasamehe: ukikosea unapitisha tena, ukizidisha unapunguza, na mwisho wake kila mlima una kijivu kidogo kila mahali na hakuna hata mmoja wenye upande. Unaona kitu cha mviringo, kimevimba, kama mto wa kulalia. Anayetumia wino hulazimika kuamua kabla kalamu haijagusa karatasi. Anayetumia brashi laini inabidi ajilazimishe mwenyewe.

Kuna pia suala la mwanga. Desturi ya ramani ni mwanga utoke juu kushoto, yaani kaskazini magharibi kama kaskazini iko juu. Jicho la binadamu limezoea mwanga unaotoka juu, na ukiuweka chini ya ukurasa, ardhi iliyotiwa kivuli laini kwa kutazamwa kutoka angani hugeuka machoni: milima inakuwa mashimo, mabonde yanakuwa matuta. Mlima wa alama uliochorwa kwa ubavu hauna hatari hiyo, kwa sababu umbo lake limeshajulikana kwa mstari. Kwa hiyo kosa la mwanga ambalo wino ungelivumilia, ulaini hauvumilii.

Hapa ndipo narudi kwenye alama na kitu chenyewe. Ramani ya kubuni ina ajabu yake: ardhi inatazamwa kutoka juu, milima inatazamwa kutoka ubavuni. Tumezoea mpaka hatushtuki. Mlima wa vistari unaweza kuishi na ajabu hiyo bila shida. Chini yake pako wazi, hauna nyayo, haugusi ardhi, na hakuna anayeuliza, kama vile hakuna anayeuliza herufi imesimama juu ya nini. Mlima wa kivuli laini huulizwa. Lazima utue mahali. Mchoraji anauongezea kivuli kinacholala juu ya tambarare, na hapo vipimo vinaanza kumshitaki: kama upana wa kidole ni mwendo wa siku tatu, basi kivuli cha nusu kidole kimefunika mwendo wa siku moja na nusu, pamoja na vijiji vyote vilivyomo. Dawa yake ni kukifanya kivuli hicho chepesi sana na kifupi, au kuachana na mlima wa ubavuni na kuchora ardhi yote kutoka angani. Wengi hawafanyi lolote kati ya hayo, na ramani yao inaonekana ina kasoro wasiyoweza kuitaja.

Wengine husema changanya tu. Inawezekana, kwa sharti kwamba kila kivuli kina kazi yake. Mistari ya wino ieleze umbo la mlima mmoja mmoja. Chini yake iwekwe tabaka moja la kijivu au kahawia chepesi, lisilofuata mlima mmoja bali safu nzima, ili jicho lione kwamba hii yote ni nyanda za juu. Hapo vinasaidiana. Ukiweka vistari ubavuni halafu ukapitisha ukungu juu ya ubavu uleule, umesema jambo moja mara mbili, na matokeo yake ni uchafu. Kibaya zaidi ni milima ya wino mkavu kando ya misitu iliyopakwa kwa ulaini kama picha: nusu ya nchi ni maandishi, nusu ni mandhari. Pwani nayo ifuate mkondo huohuo, vistari vya mlalo kwa ramani ya wino, rangi inayofifia kuelekea baharini kwa ramani laini.

Kwa hiyo siku hizi siulizi kwanza napenda kipi. Naweka majina yote mahali pake kwa penseli, kisha naipunguza rasimu mpaka iwe na upana ambao msomaji atauona kweli, ukurasa wa kitabu au simu, naiondoa rangi, naitazama. Ikiwa itaishi kwenye bango kubwa ukutani au kwenye skrini ambayo mtu atakuza atakavyo, na majina yanapita katikati ya milima, naelekea kwenye ulaini na nasikia raha. Ikiwa ni kitabu cha wino mmoja, sibishani na karatasi.

Kile kisiwa nilikichora upya kwa toleo lililofuata, wino mtupu, vistari vichache. Mto unaonekana kuanzia chemchemi hadi mdomoni. Bonde la kusini nimeliacha jeupe, lina jina lake tu, na mpaka leo kila nikilifungua naukumbuka ukungu wake.